Pishi Moja, Vyungu Vingi



Katika soko la mji nilimozaliwa, pale ukingoni mwa mto Pangani, alikuwapo mzee mmoja muuza mchele na kunde, ambaye mbele yake, juu ya jamvi, aliweka vyombo viwili vya mti vilivyokolea weusi kwa kushikwa miaka na miaka, kibaba na pishi. Na pishi, kwa faida ya vijana waliozaliwa zama za kilo, ni vibaba vinne. Bibi zetu waliokuja na vikapu vyao hawakumtazama mzee yule usoni. Walitazama mdomo wa kibaba, kama ni cha mfuto au cha tele, na wakisharidhika walilipa wakaenda zao. Hapakuwa na ugomvi juu ya kipimo, kwani kila mmoja alijua kuwa kibaba cha leo ndicho cha jana, na kibaba cha tajiri ndicho cha maskini. Lakini wakishafika majumbani, mmoja alipika wali wa nazi, mwingine aliutwanga mchele akachoma vitumbua, wa tatu alikoroga uji wa mgonjwa, wala sikupata kuona mtu wa serikali akifunua chungu cha mtu ili atazame kama chumvi yake ni sawa na ya jirani.

Nimeanzia sokoni kwa kuwa nimeombwa jioni hii nizungumze juu ya mtaala wa taifa, yaani ule utaratibu mmoja wa masomo ambao watoto wote wa nchi hupitishwa humo, na mimi kila nikilitafakari jambo hili, nami nimelitafakari tangu siku ambazo tulikuwa tukiuita muhtasari wa mafunzo, fikira zangu hurejea kwenye pishi ile na vyungu vile. Rai yangu ni kwamba taifa lina haki, bali lina faradhi, ya kuwa na pishi moja. Ila sisi, kwa nia njema kabisa, tumekuwa tukienda kinyume, tukakazania chungu kiwe kimoja nchi nzima, na pishi tukaiacha ikipanuka na kusinyaa mikononi mwa kila mwenye kuishika.

Wako wanaoubeza utaratibu mmoja, wakasema heri kila mahali pajipangie masomo yake kwa kadiri ya mahitaji yake. Maneno haya ni matamu kuyasikia, lakini watu wa rika langu tunajua yalivyo yakitendwa. Tanganyika ya kabla ya uhuru ilikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, kila kundi na fedha zake, majengo yake na mafunzo yake, na waliopanga walikuwa na ulimi wa kueleza kwamba kila kabila linapewa elimu inayolifaa. Mtoto wa Kiafrika alifaliwa na elimu kidogo kuliko wenziwe. Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa, na baba yake hakuulizwa. Mwaka 1962 mgawanyo ule wa rangi uliondolewa, na katika mambo yote yaliyotendwa baada ya uhuru sioni lililo kubwa zaidi kwa upande wa shule, kwa maana ndipo ilipotamkwa kwa sheria kwamba mtoto wa mkwezi na mtoto wa karani watapimiwa kwa kibaba kimoja.

Mitihani nayo ilikuwa na safari yake. Vijana wetu wa sekondari walikuwa wakifanya mtihani wa Cambridge, karatasi zao zikavuka bahari kwenda kusahihishwa Uingereza, na majibu yakarudi kama barua ya posa, watu wakiyangoja kwa roho mkononi. Baadaye likaundwa baraza la mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ikatoka humo mwaka 1971, na mwaka 1973 sheria ikaunda Baraza letu wenyewe la Mitihani la Taifa. Leo cheti kilichopatikana Kigoma husomwa Mtwara bila ya mtu kukunja uso, na askari polisi anayehamishwa kutoka Bukoba kwenda Lindi katikati ya mwaka humwingiza mwanawe katika darasa lilelile, akakuta wenzake wako kurasa tatu mbele au nne nyuma. Aliyepata kuhamahama na watoto ndiye ajuaye thamani ya jambo hilo dogo.

Hayo nimeyasema mapema ili nisije nikadhaniwa kuwa ni katika wanaotaka pishi ivunjwe. Sasa nataka kusimulia habari yangu mwenyewe, nayo si ya kujisifu.

Nilipomaliza chuo cha ualimu, katika miaka ya 1970, nilipelekwa Umatengo, katika milima ya Mbinga, mimi kijana wa pwani niliyedhani kuwa baridi ni ule upepo wa kusi wa alfajiri. Nchi ile ina miinamo mikali, na Wamatengo tangu kale huilima kwa namna waiitayo ngoro. Mvua zinapokaribia kukatika hufyeka majani, wakayalaza kwa mistari inayokatana miraba miraba, kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafukia majani yale, hata mlima mzima ukawa kama sega la nyuki, vishimo na matuta, maji yakaingia vishimoni yakatulia, na udongo usiende popote. Juu ya matuta hupandwa maharage, na mvua za msimu unaofuata zikija hupandwa mahindi. Ni elimu kamili, yenye hesabu na sababu zake. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Kijapani pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sokoine walikuja kuichunguza kwa kalamu na futi.

Nami miaka ishirini kabla yao nilisimama darasani, dirisha li wazi na mlima uko nje, nikifundisha namna ya kuzuia mmomonyoko wa udongo kwa kitabu kilichochorwa makinga maji, na neno ngoro halikunitoka kinywani hata mara moja, kwa sababu kitabuni halikuwamo. Watoto ambao viganja vyao vilikuwa na sugu za kuchimba ngoro waliandika makinga maji, wakapata alama zao.

Kisha likaja somo la mvua. Kitabu kilisema, na kwetu pwani ni kweli tupu, kwamba misimu ya mvua ni miwili, masika ya mwezi Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Disemba. Umatengo, kama zilivyo nchi nyingi za kusini na za kati, mvua ni msimu mmoja, huingia Novemba au Disemba ikaendelea mpaka Aprili au Mei, na mtu akiitaja vuli hutazamwa kama aliyetaja mnyama wa hadithi. Katika jaribio moja kijana wa darasa la nne aliandika kwamba mvua hunyesha msimu mmoja kwa mwaka. Nikampa kosa, kwa wino mwekundu. Wakati wa mapumziko akaja mezani kwangu, mikono nyuma, daftari kwapani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, hapa nimekosa nini? Mvua yetu ni moja."

Nikakitazama kitabu, nikatazama nje ambako ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa la darasa la pili. "Yenu ni moja," nikamwambia, "lakini mtihani utatoka Dar es Salaam."

Akasema ahsante mwalimu, akarudi zake.

Nimekuwa nikijiuliza kosa lile lilikuwa la nani. Muhtasari haukuwa na ila, kwa kuwa ulichotaka ni mtoto aweze kueleza misimu ya mvua na kazi za wakulima katika kila msimu, na hilo ni jambo linalopimika Umatengo, linapimika Pangani na linapimika Bukoba, ambako mvua hazina desturi ya kukawia. Hiyo ndiyo pishi. Masika na vuli vilikuwa ni chungu cha mtu wa pwani kilichobebwa mpaka milimani, na mimi ndiye niliyekibeba, kwa kuwa nilikuwa nimefunzwa kuwa tarishi wa kitabu, na tarishi hafungui barua. Wala viongozi hawakuwa wameghafilika na haya. Elimu ya Kujitegemea, aliyoiandika Mwalimu Nyerere mwaka 1967, iliitaka kila shule iwe na shamba au karakana yake na kazi zake zifuatane na mahali ilipo, na iliulaumu mtihani kwa kutukuzwa kupita kiasi. Lakini waraka husema na mkaguzi hutenda. Shuleni kwetu kujitegemea kulitafsiriwa kuwa ni bustani ya kabichi, kwa kuwa mkaguzi aliipenda kabichi, na kila alipotarajiwa tuliimwagilia usiku kwa taa ya chemli.

Kuna upande mwingine wa jambo hili unaoigusa lugha yenyewe ninayowasemesha. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliafiki kwamba Kiswahili cha shuleni kijengwe juu ya Kiunguja, na mwanzoni mwa mwaka 1930 ikaanza kazi ile Kamati ya Lugha ya nchi nne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, ambayo ilivipitia vitabu vya shule na kuvitia ithibati yake. Tumevuna faida kubwa mno: bila ya kazi ile huenda leo nisingesikika na nyote mnaonisikiliza. Lakini mtoto wa Mombasa aliyeingia shule akisema ndia, ndaa na mtanga, maneno ya bibi yake, ambayo ndiyo lugha aliyotungia mshairi Muyaka bin Haji, aliyakuta yamegeuka kuwa makosa ya tahajia, na aliyeyapiga mstari mwekundu aghalabu alikuwa mwalimu wa bara ambaye Kiswahili alikiokota chuoni. Wazee wa Mombasa walinung'unika, na baadhi yao hawajaacha hadi leo, nami siwalaumu. Mwalimu mwenye insafu angemwambia mtoto kwamba ndia ni neno, tena ni neno kongwe lenye nasaba yake, ila katika karatasi ya taifa tunaandika njia ili mtu wa Kisangani na wa Songea wapate kutuelewa. Dakika moja ya maneno ingetosha. Wengi waliona ni rahisi zaidi kusema, hilo si neno.

Naam, hivyo ndivyo chungu kilivyokazwa. Nayo pishi?

Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne uliofanywa mwaka 2012, na zaidi ya nusu ya watahiniwa wakawa wamepata divisheni sifuri. Mnakumbuka fadhaa ya siku zile, wazazi wakiulizana kama kizazi kizima kimerogwa. Serikali ikaunda tume; na mwezi wa Mei matokeo yakafutwa, yakapangwa upya kwa utaratibu wa mwaka uliotangulia, kwa kuwa ilibainika kwamba namna ya kupanga madaraja ilikuwa imebadilishwa. Watoto walikuwa ni walewale, na karatasi zilezile zenye madoa yaleyale ya jasho. Kilichobadilika ni mdomo wa kibaba. Haikupita miaka mingi, matokeo ya mwaka 2014 yakatolewa kwa hesabu ya wastani wa pointi badala ya divisheni, na mwanzoni mwa mwaka 2016 tukaamriwa kurudi kwenye divisheni. Yule mzee wa sokoni kwetu angethubutu kubadili pishi mara tatu katika miaka minne, nadhani bibi zetu wangemvua kofia.

Zaidi ya hapo, kipimo kimoja hudai vilevile mizani yake iwe na kitu cha kupima. Kwa miaka mingi shule zisizokuwa na maabara zilifanya mtihani wa sayansi kwa karatasi iliyoitwa mbadala wa vitendo, ambamo mtoto asiyewahi kushika neli ya kioo hata siku moja alitakiwa aeleze ingegeuka rangi gani lau angeishika. Nilipata kusimamia mtihani wa namna hiyo katika shule isiyokuwa hata na mfereji wa maji. Msichana mmoja wa safu ya mbele, kabla ya kuandika, alikuwa akifumba macho na kuzungusha vidole hewani taratibu, kama mtu anayetikisa kitu ndani ya chupa. Mtaala wake ulikuwa uleule wa shule ya mjini yenye gesi na mizani za vioo, neno kwa neno. Na kwa kuwa ulikuwa uleule, cheti chake kingelinganishwa na chao pasi na mtu kuuliza vidole vile vilikuwa vikishika nini. Hapa ndipo ninapowaogopa wanaousifu usawa wa mitaala kana kwamba ni usawa wa shule. Kuandika muhtasari mmoja ni kazi ya watu kadhaa katika chumba kimoja, na kalamu. Kujenga maabara ni saruji, bomba, fedha na mwalimu atakayekubali kukaa huko.

Kuhusu vitabu nitasema machache. Katika miaka ya 1990 wachapishaji mbalimbali waliruhusiwa, na wazazi wakalalamika kwamba kila duka lina chake. Tukarudi kwenye kitabu kimoja cha kiada kinachotolewa na Taasisi ya Elimu. Uzuri wa kitabu kimoja ni kuwa bei hujulikana na watoto hugawana. Ubaya wake ni kuwa ghalati ikiingia ukurasa mmoja huingia nchi nzima kwa siku moja, kama tulivyoona mwaka 2017, makosa ya vitabu vya kiada yalipozua mjadala mkali Bungeni. Lakini mimi sioni kitabu kimoja kuwa ndiyo balaa. Balaa ni mwalimu asiyethubutu kusema kitabu kimekosea.

Visiwani nako mambo yana sura yake. Zanzibar ina wizara yake ya elimu na mtaala wake wa msingi, na hata hivyo mwanafunzi wa Pemba akifika kidato cha nne hukaa mbele ya karatasi ya Baraza lilelile la Taifa. Pemba, mwaka wa mavuno makubwa ya karafuu, madarasa huwa matupu, na mwalimu huita majina akajibiwa na madawati. Ratiba haijui karafuu. Mtoto yule anajua bamvua na maji mafu, anajua siku ya kwenda pwani na siku ya kukaa, anajua karafuu iliyokauka kwa mlio wake inapovunjwa, na hayo yote ni jiografia na sayansi halisi, nayo humalizikia kwenye jamvi la kuanikia. Wenzetu wa Kenya nao, waliouacha ule mfumo wa 8-4-4 wa tangu mwaka 1985 wakaingia katika mtaala wa umilisi, wanahangaika na maswali haya haya, wazazi wao wakilalamika kwamba kazi za nyumbani sasa ni za wazazi.

Mwaka 2023 tulipata sera iliyorekebishwa na mitaala mipya, na Januari 2024 baadhi ya madarasa yakaanza kuifuata: kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, kuna mkondo wa amali, na elimu ya msingi imepangwa kuwa ya miaka sita. Nimeisoma kwa kadiri macho yangu yanavyoniruhusu, na nimefurahi kuona umahiri ukitajwa kila mahali, kwa sababu umahiri ni pishi: haukuulizi umepikia chungu gani. Lakini umahiri wa kuandikwa tuliahidiwa tangu mabadiliko ya mwaka 2005, na mtihani ukaendelea kuuliza taja, taja, taja. Ningependa kumwuliza mtunga maswali jambo moja tu, kama anaweza kuandika swali la mvua ambalo mtoto wa Mbinga na mtoto wa Pangani wakalijibu kwa majibu mawili mbalimbali, na wote wawili wakapata. Akiweza, mwalimu wa huko milimani atayafungua madirisha yake mwenyewe, bila ya kuandikiwa waraka.

Mtangazaji ananionyesha vidole viwili, nadhani ni dakika na si amani, basi nimalizie ile habari ya yule kijana wangu. Alifika darasa la saba, na kabla ya mtihani wa taifa tuliwapa jaribio la kuwapima, lenye swali lilelile la misimu ya mvua. Aliandika masika na vuli, miezi yake na kazi zake, kwa mwandiko mzuri ulionyooka, bila ya kufuta hata herufi moja. Nilimpa alama zote. Siku ile ilikuwa ni Oktoba, mwezi wa vuli kwa mujibu wa kitabu, na vumbi la uwanjani lilikuwa likiingia mpaka ndani ya madaftari.